Mchore Akiwa Hai

Hotuba ya jaji mkuu siku ya kutoa zawadi za mashindano ya wanafunzi ya kuchora samaki wa Ziwa Victoria, Mwanza

Ndugu mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, ndugu zetu wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo, mlioacha nyavu leo mkaja kukalia madawati ya watoto, na ninyi wanafunzi ambao mmeshachoka kabla sijaanza: shikamooni wakubwa, na watoto hamjambo.

Nimeombwa nieleze majaji tulivyotoa alama. Najua mnachongoja ni majina. Majina yapo mfukoni mwangu na hayatoki mpaka nimalize, kwa hiyo atakayepiga makofi katikati anajichelewesha mwenyewe.

Tazameni ukuta wa kushoto. Mnaona samaki wa rangi ya machungwa wenye mikanda myeupe? Wamechorwa vizuri mno, mmoja mpaka macho yana mng'ao. Lakini huyo ni samaki wa matumbawe. Anaishi kwenye maji ya chumvi, na kumfikia kutoka hapa ni basi la alfajiri mpaka usiku, halafu bado hujapanda mashua. Amefikaje kwenye manila ya mtoto wa Ilemela? Kwa simu ya mama. Hao tuliwatoa mapema, na aliyenuna naomba anisikilize mpaka mwisho.

Ukuta wa kulia wamejaa sato. Hapo hatukuwa na shida ya uchoraji. Wengi walikumbuka hata ile mistari ya kusimama kwenye mkia, ambayo mtu asiyemtazama samaki wake hawezi kuijua. Shida ilikuja tuliposoma maandishi: "Sato ni samaki wetu wa asili." Sato si mwenyeji, wanangu. Aliletwa ziwani humu miaka ya 1950, zama zilezile alizoletwa sangara. Mwenyeji katika ukoo wake ni ngege, na wazee wenye mvi humu ndani wanamjua ngege kwa ladha, si kwa picha. Mwaka 1927 Mwingereza Michael Graham alikuja kulipima ziwa hili kwa sababu ngege walikuwa tayari wanapungua kwenye nyavu. Akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Miaka karibu mia imepita na bado tunabishana juu ya macho ya nyavu! Ngege wenyewe leo utawatafuta zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya.

Kanuni zetu hatukuzibuni zote. Marekani kuna shirika linaloitwa Wildlife Forever ambalo tangu miaka ya 1990 huendesha mashindano ya wanafunzi ya kuchora samaki, kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari. Mtoto huchagua samaki, humchora akiwa kwenye makazi yake, na wale wa kuanzia darasa la nne huambatanisha ukurasa mmoja wa maandishi: samaki huyu anaishije, anahitaji nini, na nini kinamtishia. Tuliiga huo ukurasa mmoja, na ndio uliotusaidia kuliko kitu kingine chochote. Mchoro mtu anaweza kugezea. Ukurasa wa maandishi humfichua aliyegezea ndani ya mistari mitatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililotuumiza kichwa majaji, nalo ni rangi.

Shule kadhaa ziliwapeleka watoto mwaloni Kirumba, wanakoshushwa samaki, na penseli zao. Nawapongeza walimu hao, maana wapo ambao hawakuvuka hata geti. Watoto wakakaa mbele ya mafungu, wakachora walichokiona, na michoro yote ikarudi ya kijivu. Mwalimu mmoja akaniuliza kwa nini tunawanyima alama watoto waliochora kitu halisi. Nikamjibu kwamba kitu halisi kile kilikuwa mzoga. Samaki akishatoka majini rangi zake zinaondoka, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani humu, ndiye wa kwanza kuzipoteza. Dume la furu likikamatwa, ule wekundu na ule ubluu vinafifia ndani ya dakika chache tu. Hata akiwa hai majini, akipigwa na dume mwenzake hufifia kwa aibu. Basi ukitaka kumchora, usimngoje mezani. Wataalamu wanaowachunguza furu huwaweka kwenye kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, wakawapiga picha upesi rangi zingali zipo. Nanyi mnaweza kukata shingo ya chupa kubwa ya maji ya plastiki, mkajaza maji ya ziwa, mkaazima furu mmoja kwa mvuvi kwa muda mfupi, kisha mkamrudisha. Mtoto mwenye jicho zuri humaliza mistari ya msingi kwa muda huohuo, rangi akazijaza kwa kumbukumbu.

Kwa nini nashikilia furu, wakati mitaani kwetu mtu akikwambia umekula furu ni kama anakucheka? Kwa sababu hakuna mahali pengine duniani palipo na hazina ya namna hii. Ziwa hili lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita. Lilipojaa tena, furu wakajigawa mpaka wakafika aina zaidi ya 500. Wapo wanaovunja konokono kwa mataya. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, na wanaokula dagaa. Kuna wanaobandua magamba ya samaki wenzao, na kuna wezi hasa, wanaonyonya mayai na vifaranga kutoka mdomoni mwa mama mwingine. Wote hao sisi tunawaita furu, tunawatupa kwenye ndoo moja.

Wazee mnaikumbuka senti tano. Upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili samaki. Samaki yule alikuwa wa baharini, sulisuli, na sisi watu wa ziwani tulikuwa na haki ya kunung'unika kidogo. Lakini mwaka 1985 ziwa nalo lilipata lake: Frans Witte, mtafiti wa Kiholanzi aliyefanya kazi hapahapa Mwanza, pamoja na mwenzake, walimwandika kwenye vitabu vya sayansi furu mmoja wa miambani wakampa jina la nyererei. Leo jina lake kamili ni Pundamilia nyererei. Dume lake lina mgongo mwekundu, ubavu wa manjano, na mikanda myeusi ya kusimama. Ana ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, mwenye mikanda ileile lakini mwili wake ni wa kijivu cha kuelekea bluu. Samaki mwenye jina la Baba wa Taifa anaishi kwenye mawe ya hapa jirani, na kati ya michoro yote iliyoletwa, waliomchora unaweza kuwahesabu kwenye vidole vya mkono mmoja. Hilo silaumu watoto. Nani aliwahi kuwaambia?

Tulieni sasa, maana hapa ndipo tulipompata mshindi wetu wa kwanza.

Mchoro ule pale katikati, ule ambao wengi mmepita bila kusimama, ni wa samaki asiye na rangi. Ni wa manjano iliyochakaa, karibu na kijivu. Kidevu kimeshuka kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Nyuma yake kuna jiwe lenye mwani, na mbele ya mdomo wake kuna vitone vidogo, kila kitone kina nukta mbili nyeusi. Jaji mwenzangu alitaka kuuweka pembeni. Alisema mtoto huyu ameishiwa rangi. Nikamwomba asome ukurasa wa nyuma.

Mtoto ameandika kwamba kwenye mawe ambapo mama yake hufua, kuna furu anayekaa palepale kila siku na hali kitu. Akakaa akamtazama. Siku moja furu akafungua mdomo wakatoka vifaranga, wakazagaa kidogo mbele yake. Ndoo ilipogonga jiwe, wote wakarudi mdomoni. Zile nukta mbili kwenye kila kitone ni macho ya vifaranga.

Huyo ni furu jike, na hivyo ndivyo anavyolea. Akitaga mayai anayaokota kwa mdomo papo hapo. Dume naye ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanayofanana sana na mayai. Jike huyasogelea akidhani kuna yai limesalia, na hapo ndipo mayai aliyonayo mdomoni yanaporutubishwa. Kisha huyatunza humohumo majuma kadhaa, akijinyima chakula, mpaka vifaranga waweze kujitegemea. Kuna watoto waliochora madoa yale ya manjano wakaandika ni "mapambo". Si mapambo. Yale madoa yana kazi katika kuwapata furu wa kesho.

Basi nikamwambia jaji mwenzangu: ule wekundu wote, ule ubluu wote uliojaa ukutani, mtazamaji wake ni huyu jike asiye na rangi. Yeye ndiye anayechagua. Jike la nyererei hutafuta dume jekundu, jike la ndugu yake hutafuta la bluu, na kwa kuchagua hivyo aina mbili zinakaa mbili, ingawa zinaishi mwamba mmoja na zingeweza kuzaana bila tatizo lolote. Kinachozitenganisha ni jicho la mama. Jaji mwenzangu akanyamaza, akaongeza alama.

Sasa naomba wazazi na BMU mnisogelee kidogo, maana haya yanayofuata hayawahusu watoto peke yao.

Jicho linahitaji mwanga. Watafiti walichukua majike ya furu hawa wakawaweka kwenye matangi ya maabara. Chini ya mwanga wa kawaida, kila jike lilimjua wa kwake. Chini ya mwanga wa rangi ya machungwa tu, ambao haukuonyesha tofauti ya mwekundu na wa bluu, majike yakaacha kubagua. Mtaniuliza, ziwani nani anawasha taa ya machungwa? Sisi. Maji yakichafuka kwa tope na mwani, mwanga wa bluu ndio wa kwanza kuzimika. Kisiwa cha Makobe, ambako maji bado yana afadhali, sahani nyeupe ukiishusha kwa kamba unaiona mpaka kina cha mita mbili na zaidi. Huko wekundu ni wekundu na bluu ni bluu. Ingia ndani ya Ghuba ya Mwanza mpaka kisiwa cha Luanso, sahani ileile inapotea kwenye nusu mita. Huko watafiti walikuta furu wa katikati, si wekundu hasa wala si bluu hasa. Aina mbili zimeyeyuka zikawa mchanganyiko mmoja. Hawakuvuliwa, hawakuliwa na sangara. Walishindwa kuonana.

Sangara nimemtaja, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kumshitaki. Katikati ya miaka ya 1970 furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wote ziwani, wengi kiasi kwamba kilijengwa kiwanda hapa Mwanza cha kuwasaga kuwa unga wa kulishia mifugo. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa hawafiki asilimia 1 katika maji ya wazi. Aina zinazokisiwa kufika 200 zikatoweka, nyingine kabla hazijapewa hata jina. Sangara aliwala, kweli. Lakini sangara huyohuyo amesomesha watu wengi humu ndani. Mabondo yake, vile vibofu vya hewa vya tumboni, yamejenga nyumba, minofu yake imeajiri kinamama wa Mwanza na Musoma kwa miaka. Tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wamerudi, hasa pale sangara wakubwa walipopungua. Kwa hiyo na tuliache hili la kumtafuta mhalifu mmoja. Mtoto aliyemchora sangara kama shetani mwenye pembe nilimpa alama za ubunifu, nikamnyima za ukweli.

Tope si kazi ya sangara. Tope ni shamba lililolimwa mpaka kwenye matete, mvua ikaja ikaliosha. Mwani ni mbolea tunayomwaga shambani na kinyesi kinachotiririka kutoka vilimani tunakojenga bila mashimo ya maana. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imetaja mita 60 kutoka ukingo wa maji, kwamba pasiendeshwe shughuli za kudumu wala zinazoweza kuharibu mazingira. Mita 60 ni fupi kuliko uwanja wa mpira wa shule hii. Ukipanda mtumbwi ukapiga kasia ukingoni, utahesabu mwenyewe mashamba ya nyanya yanayoloweka miguu ziwani.

Ndugu zangu wa BMU, kokoro, ule wavu wa kukokota, nalo mnalijua kuliko mimi. Linapovutwa kwenye mchanga wa ufukweni linasomba mama aliyebeba watoto mdomoni, na akishtuka anawatema, wanabaki kwenye matope ya wavu. Sisemi ninyi mnavuta. Nasema wanaovuta mnawajua majina, na wengine ni shemeji zenu.

Narudi kwa watoto kabla hawajalala. Mshindi wa pili alimchora gogogo, na alichonifurahisha ni ile miiba mitatu: mmoja mgongoni, miwili ubavuni, yote imesimama. Ameandika kwamba gogogo akishikwa hujifunga hivyo, huwezi kumsukuma nyuma kwenye wavu wala kumvuta atoke, na baba yake amechomwa mara nyingi. Huyo ni mtoto aliyemsikiliza baba yake akilalamika. Mshindi wa tatu alituletea domodomo kwa mtindo wa Tingatinga, rangi za mafuta juu ya ubao, mandhari yote nukta nukta. Majaji tuligawanyika. Mmoja alisema mashindano haya ni ya kuchora samaki alivyo, na nukta zile haziko ziwani. Mimi nilisimama upande wa mtoto. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora wanyama wake Dar es Salaam mwaka 1968, hakuna aliyemwuliza mbona chui wake hafanani na wa mbugani. Tena ukimtazama domodomo huyu utaona ule mdomo mrefu umeinamia matopeni, kule anakochimbua wadudu, na mapezi yapo yote mahali pake. Mtindo ni wake, samaki ni wa kweli. Tulipiga kura, nikashinda kwa kura moja, na aliyeshindwa bado hajanisamehe, yule pale.

Kuna jambo moja la mwakani, na naomba walimu mwandike. Kila shule itatafuta mfuniko wa ndoo, ipake rangi nyeupe, itoboe katikati na kufunga kamba yenye fundo kila sentimita 10, na chini ifunge jiwe ili uzame vizuri. Watoto wataushusha wakiwa na mtu mzima mwenye mtumbwi, si peke yao, na wataandika ni kwenye fundo la ngapi mfuniko ulipotea machoni. Namba hiyo itaandikwa pembeni mwa kila mchoro. Atakayechora furu mwekundu aniambie pia maji ya kwao yanamruhusu mwekundu aonekane mpaka kina gani. Nimezungumza na ndugu zetu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, nao wamesema watawaonyesha walimu namna ya kupima bila kudanganywa na kivuli cha mtumbwi. Michoro ya samaki wa matumbawe nayo nitaipokea, lakini kutoka kwa mtoto atakayenionyesha tiketi ya basi.

Michoro hii haitarudi kabatini. Wenye mwalo wametukubalia ukuta wa ofisi yao, upande unaotazama mizani, ambapo kila mwenye samaki lazima asimame kungoja zamu. Tutaibandika ndani ya nailoni isiloane. Yule furu jike nimeomba awekwe usawa wa macho ya mtu mzima.

Zawadi ni rangi za maji, brashi na manila, hakuna madaftari mwaka huu, mlilalamika mwaka jana tukasikia. Mgeni rasmi, naomba usogee mezani. Tunaanza na madarasa ya chini: darasa la nne, simameni, na nikikusoma jina njoo na mzazi wako.